Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Kuhusu Picha Tulizozirudisha

Ndugu wanachama,

Hesabu za mweka hazina mmeambatishiwa, na hazina la kushtua. Kilichoishughulisha kamati ya chama chetu cha picha za wanyamapori mwaka huu ni picha za viota vya ndege.

Kuanzia sasa maonyesho yetu hayatapokea picha ya kiota chenye mayai au makinda, hata iliyopigwa kutoka mbali kwa lenzi ndefu. Mpiga picha akikata matawi mawili ili mwanga uingie, ameezua paa: jua linawachoma makinda wasio na manyoya, na kunguru anakiona kiota kutoka juu. Kuyaegesha tena matawi hakufai kitu, kwani majani hunyauka. Asiyekata chochote naye huacha nyasi zilizolala kama kijia, na wanyama walao mayai hukifuata. Mzazi aliyeshtuka akikawia kurudi, mayai hupoa. Penye jua kali huharibika kwa joto.

Dalili ya kuangalia ni hii: ndege katua tawini na mdudu mdomoni, anageuza kichwa huku na huku, hashuki. Anangoja uondoke. Wengi huiona ni picha nzuri wakaendelea kubonyeza, ilhali hapo ndipo pa kukunja tripodi (stendi ya kamera) na kuondoka. Kwa swala, kundi likiacha kula na kukukazia macho, rudi nyuma polepole mpaka vichwa viiname tena.

Waamuzi walirudisha pia picha za bundi anayeijia kamera mchana kweupe, kucha mbele. Mara nyingi huyo katupiwa panya. Bundi akizoea chambo huwafuata watu, na chambo kikitupwa kando ya barabara, huishia kugongwa na magari. Mnyama aliyefugwa aandikwe hivyo kwenye maelezo. Shindano la Makumbusho ya Historia ya Asilia la London lilifuta ushindi wa picha kuu ya 2009, waamuzi wakiamini kuwa mbwa-mwitu wa Hispania aliyeonekana pichani akiruka lango huenda alikuwa amezoezwa.

Kwa wanaokwenda safari: duma huwinda mchana, na magari yakijipanga kati yake na swala, windo limeharibika. Mwambie dereva kabla hamjaondoka kwamba bakshishi haitegemei ukaribu. Akiachwa akisie, atasogea. Aombwe pia azime injini. Mtikisiko wake huharibu ukali wa picha, basi hata mbinafsi ana sababu ya kukubali.

Picha za faru zina hatari yake: huweza kuwaelekeza majangili alipo. Zima GPS kwenye kamera na kwenye simu, kwa kuwa faili hubeba mahali ilipopigwa. Hata hivyo kilima kilicho nyuma ya mnyama kinaweza kutambulika. Chagua pembe nyingine, taja eneo pana tu, na usirushe picha mtandaoni siku hiyo hiyo.

Kila picha ya maonyesho iletwe pamoja na faili ghafi, yaani jinsi ilivyotoka kwenye kamera, isiyopunguzwa kingo. Waamuzi wataanzia kwenye kingo hizo, maana huko ndiko tawi lililovutwa kando kwa kamba huonekana.