Mazoezi ya muziki wa asili wa Ireland, Jumamosi, Galway

Habari zenu wapendwa, wa hapa Galway na nyie mnaotoka Ennis! Jumamosi tumesogeza muda, tunaanza saa 9 mchana sio saa 8, ukumbi ni ule ule.

1. Njooni na filimbi ya bati ya ufunguo wa D, tuni (nyimbo za ala) nyingi za huku zinapigwa kwa funguo za D na G.
2. Tunamalizia ile jigi (tuni ya dansi), mapigo ya 6/8, sehemu ya kwanza mara mbili halafu ya pili mara mbili, na jamani sikilizeni kwanza rekodi niliyotuma, hizi tuni zinaingia kwa sikio, mimi kusoma noti za muziki kulinichelewesha sana. Rili (aina nyingine ya tuni ya dansi) muda ukibaki.
3. Mchango wa ukumbi yuro 5, mwisho Alhamisi usiku.

Anayekuja aandike NAKUJA hapa kabla ya Alhamisi nijue idadi ya viti. Asanteni sana!