Jumamosi Ujiji, Jumapili jikoni

Habari za jioni, ndugu zangu. Jumamosi tukutane saa tisa alasiri mbele ya stesheni ya reli, twende Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Tutapita walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871, ila tusikawie, uzuri wenyewe uko mwaloni jua likizamia upande wa Kongo. Futeni kioo cha kamera kwa kitambaa laini, gusa anga kwenye skrini, shusha mwanga kidogo: mitumbwi itatoka nyeusi tii juu ya maji mekundu.

Jumapili tunapika kwangu migebuka kwa mawese, kama alivyonifundisha rafiki yangu. Yeye hatii nyanya mpaka kitunguu kilainike kabisa, na samaki hamgeuzigeuzi. Tangu anionjeshe, wikiendi nashinda jikoni kwa raha. Anayekuja aandike jina hapa kabla ya Ijumaa, ninunue samaki wa kutosha.