Barua ya wazi kwa vijana wakulima wa Dodoma na Singida, kuhusu mvua tusiyoijua

Wanangu, salaam.

Najua wengi mmeshaberega, yaani mmesafisha mashamba, na sasa mnatazama juu. Swali mnaloulizana kwenye simu nalijua pia: mwaka huu itanyesha vizuri au itatukatikia? Hakuna ajuaye. Mimi sijui, Mamlaka ya Hali ya Hewa haina uhakika huo, na anayewatumia ujumbe kwamba mvua itaanza tarehe fulani mwezi ujao naye hajui. Ninachowaomba ni kulima kama watu wasiojua, kwa sababu shamba linaweza kupangwa hivyo na likalisha nyumba.

Kwanza usomeni utabiri kama ulivyo. Mamlaka inapotoa mwelekeo wa mvua za Msimu, hizi zetu za Novemba hadi Aprili, husema juu ya wastani, wastani au chini ya wastani. Neno "wastani" hapo ni pana: ni kuanzia asilimia 75 hadi 125 ya mvua iliyozoeleka mahali hapo kwa miaka mingi. Kijiji kilichozoea milimita 600, basi 450 ni wastani na 750 nayo ni wastani. Kwenye 450 mahindi yanahangaika; kwenye 750 yanashiba. Utabiri umetimia kote kuwili, na mmoja hana cha kuvuna. Tena jumla ya milimita haisemi zitagawanyikaje. Huku kwetu ukavu wa katikati huja Januari au Februari, na ukiyakuta mahindi yanatoa mbelewele na ndevu, siku kumi zinatosha kukuachia magunzi yenye punje za kuhesabika.

Wataalamu si wavivu. Hewa ni kitu ambacho tofauti ndogo ya leo hukua kila siku, na ikipita wiki mbili hivi hakuna kompyuta inayoweza kukutajia siku ya mvua. Waulizeni wenzetu wa ukanda wa Vuli na Masika. Mwaka 1997 El Niño iliwaletea mafuriko yaliyokata barabara. Mwaka 2015 ikaja nyingine yenye nguvu, watu wakajiandaa, na sehemu nyingi haikunyesha vile. Mwaka 2019 hapakuwa na El Niño ya kutisha, lakini Vuli ikafurika, kwa kuwa Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Ahadi hawakuitaja.

Sasa shamba. Hasara kubwa ya kila mwaka ni mbegu iliyopandwa kwa kelele za bati. Chukua kopo lenye pande zilizonyooka, liweke mahali pa wazi mbali na mti na nyumba, upime kwa rula kila asubuhi kisha umwage. Milimita moja koponi ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba ya shamba lako. Subiri zifike 20 ndani ya siku mbili au tatu. Halafu chimba kwa jembe: udongo uwe umelowa hadi sentimita 15, na ukiufinya ushikane kiganjani. Ukilowa sentimita 5 tu, mbegu hunywa maji, huvimba, hutoa kimzizi, na jua huikuta hapo. Mbegu iliyokwisha kuamka hairudi kulala.

Hata baada ya hayo yote mvua inaweza kukimbia. Kwa hiyo theluthi ya mbegu ibaki ndani, ya kurudishia au kupanda upya, na shamba lisipandwe siku moja: nusu kwenye mvua ya kwanza ya kweli, nusu kama siku kumi baadaye.

Mwenye eka nne, ningemshauri mbili ziwe mtama wa muda mfupi kama Macia, moja alizeti au karanga, na moja mahindi kama ugali wa sembe umemshinda kuacha. Mtama ukikosa maji hukunja majani na kusinzia, mvua ikirudi huendelea. Mahindi yaliyopitwa na wakati wa kuchanua hayana pa kurudia. Mtaniambia habari za kwelea, nami sibishi: mtama mweupe unahitaji mtu wa kuamia ndege tangu punje zikiwa na maziwa hadi mavuno. Pangeni zamu hiyo na majirani kabla ya kupanda.

Maji machache yatakayokuja yashikwe. Mashimo ya Chololo, yaliyobuniwa katika kijiji cha jina hilo hapo Dodoma, huchimbwa kiangazi: upana sentimita 22, kina 30, kutoka shimo hadi shimo 60, kutoka mstari hadi mstari 90, mistari ikikata mteremko. Tia samadi iliyooza, rudisha udongo, lakini usilijaze hadi juu. Bakuli linalobaki ndilo linalokamata mvua. Mbugani, kwenye udongo mzito wa bondeni, msichimbe. Maji yatatuama na mizizi itaoza.

Hela ya urea iwe ya mwisho kutoka mfukoni. Mahindi yakifika magotini, tazama udongo siku hiyo. Una unyevu, weka na ufukie. Umekauka, mfuko ubaki ndani, hata kama jirani ameshaweka.

Mwisho ni ghala, na hapa nawasihi hasa. Kabla ya kuhifadhi, tia punje kavu kwenye chupa kavu hadi robo, ongeza kijiko cha chumvi kavu, tikisa vizuri, uache itulie kidogo. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, nafaka bado ina maji, irudishe juani. Ikibaki huru, funga kwenye mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, utoe hewa yote. Wanunuzi watakuja Juni na Julai kukuuliza zote. Uza ziada tu. Chakula cha nyumbani kisiguswe kwa kuuzwa mpaka Machi, uyaone kwa macho masuke ya msimu mpya yametoka.

Mzee wenu,
bwana shamba mstaafu