Barua ya wazi kwa Mstahiki Meya wa Kigoma/Ujiji: ajenda ya baraza itufikie kabla ya kikao

Mstahiki Meya,
Manispaa ya Kigoma/Ujiji.

YAH: KUBANDIKWA KWA AJENDA NA MAAZIMIO YA BARAZA LA MADIWANI KATIKA KATA ZOTE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia hadharani kwa sababu ninachokiomba ni cha hadharani, na hakihitaji mfadhili. Kabla baraza halijaketi, ajenda yake ibandikwe katika ofisi za kata zote 19, kuanzia Bangwe hadi Rusimbi, walau wiki moja mapema, kwa Kiswahili ambacho mtu wa kawaida anakielewa. Kikao kikiisha, maazimio yabandikwe palepale.

Jibu la kwanza nalijua: vikao vya baraza viko wazi, mwananchi yeyote aje akae asikilize. Ni kweli, sheria inasema hivyo. Lakini mama anayeuza migebuka soko la Mwanga hawezi kufunika meza yake siku nzima kwenda kubahatisha kama leo itajadiliwa meza hiyo au taarifa ya watumishi wanaostaafu. Angejua kwamba Alhamisi hii kuna hoja ya ushuru wa soko, angekuja, tena asingekuja peke yake. Madiwani wenyewe hupewa kabrasha mapema ili wajiandae, na siku hizi halmashauri nyingi zimeachana na makaratasi, kabrasha limo kwenye kishikwambi. Sioni kwa nini atakayelipa ushuru asipate nafasi ya kujiandaa kama anayekwenda kuupitisha.

Tukiijua ajenda, hata madiwani watapumua. Kaa kijiwe chochote cha kahawa Ujiji jioni usikilize: barabara ya mtaa imechimbika, diwani kalala, maji hayatoki, diwani kalala, umeme umekatika, diwani huyohuyo. Barabara za mitaa zilihamia TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, mwaka 2017, maji yana KUWASA, mamlaka ya maji ya hapa, umeme una TANESCO. Diwani anaweza kupiga kelele kwa niaba yetu, na apige, ila hizo siyo kazi za baraza. Ya baraza ni taka, masoko, mialo ya kushushia samaki na ushuru wake, leseni za biashara, viwanja, zahanati, shule za msingi, mikopo ya vikundi. Hayo ndiyo tungepaswa kumbana nayo, na ndiyo hayohayo hatujui yanajadiliwa lini.

Chukua mwalo wetu wa Kibirizi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, kufuatia makubaliano ya nchi nne zenye ziwa: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Sibishani na uamuzi huo. Samaki wanahitaji nafasi ya kuzaana, na anayelijua ziwa hili hahitaji kuelezwa dagaa walivyoadimika. Wala sitegemei baraza lifungue ziwa, halina mamlaka hayo. Ila ndani ya miezi ile mitatu baraza lina sehemu yake.

Mitumbwi ikiwa juu ya mchanga, hakuna dagaa wa kutozwa ushuru. Mbeba ndoo hana ndoo. Mwanamke aliyezoea kutandaza dagaa kwenye chanja kungali mapema, akiwageuza kwa kiganja jua linapopanda na kupunga kanga kufukuza kunguru, anakuta chanja tupu. Anayemuuzia chai na maandazi naye hana wa kumuuzia. Fedha inakatika kuanzia ufukweni inapanda hadi Mwanga madukani, na hatimaye inafika kwenye vitabu vya manispaa.

Sasa, Mstahiki, makisio ya mapato yanapoandaliwa, miezi hiyo inahesabiwaje? Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Maana yake ni kwamba kufungwa kwa ziwa kunakatwa vipande viwili: mwezi mmoja na nusu unaangukia mwisho wa mwaka unaoisha, mwezi mmoja na nusu mwanzo wa mwaka mpya. Ukikagua mwaka mmoja mmoja, pengo linaonekana la wiki chache tu. Ukiyaunganisha, ni robo nzima ya mwaka bila mapato ya dagaa. Kama makisio yamepangwa kana kwamba ziwa liko wazi Januari hadi Desemba, pengo litazibwa na nani? Uzoefu wangu ni kwamba pengo la mapato huzibwa na aliye karibu na mkono wa mtoza ushuru: mwenye genge, mama lishe, kijana wa mitumba. Huenda baraza limeshalijadili hili na kulimaliza vizuri sana. Basi azimio hilo likibandikwa ukutani pale Kibirizi, maneno mengi yatakwisha.

Lipo na la mikopo. Tangu marekebisho ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 2018, kila halmashauri inapaswa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa nchi nzima mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudi 2024. Ni mikopo mizuri na siipigi vita. Lakini kikundi cha waanika dagaa kikidaiwa marejesho ya Juni, kitarejesha nini? Na kwa kuwa asilimia 10 inatokana na mapato ya ndani, ushuru wa mwaloni ukishuka na fungu la mikopo linashuka, katika msimu uleule ambao watu wa mwaloni wanatafuta mtaji wa kuuza mkaa, mawese, au mihogo hadi ziwa lifunguliwe. Ningetamani kusikia madiwani wakivutana juu ya hilo: ratiba ya marejesho inaweza kuandikwa kwa kufuata ziwa? Kama kanuni haziruhusu, tuambiwe haziruhusu, twende tukamlilie mwenye kanuni.

Nisisahau ufukwe wenyewe. Mwaka 2020 na 2021 ziwa lilipopanda lilimeza mchanga na nyumba za watu, na maji yaliposhuka kila mmoja akaanza kurudi pale alipoona panamfaa. Sheria ya mazingira inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka majini. Mita 60 kutoka maji ya mwaka gani? Ni swali la Kamati ya Mipangomiji na Mazingira, na watu wa Kibirizi na Katonga wana ya kusema kabla alama nyekundu ya X haijachorwa ukutani.

Wala hatuombi jambo geni hapa mwisho wa reli. Mwaka 2016 manispaa hii ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali 15 za ngazi ya chini duniani kuingia katika mpango wa kimataifa wa kuendesha serikali kwa uwazi, ule wa OGP. Afrika tulikuwa watatu: sisi, Elgeyo-Marakwet ya Kenya na Sekondi-Takoradi ya Ghana. Kigoma ilitajwa kwenye meza moja na Paris na São Paulo, na kwa habari ya uwazi, siyo ya Livingstone. Mwaka 2017 Tanzania ikajitoa, nasi tukatoka nayo. Haya. Lakini kujitoa kwenye mpango wa kimataifa hakukumkataza mtu yeyote kubandika karatasi ukutani.

Mwaka uliofuata, 2018, ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ikatoka, manispaa yetu imepata hati chafu, yaani hesabu zake hazikuridhisha, pamoja na Pangani, na Rais Magufuli akaagiza wakurugenzi wa wakati huo wasimamishwe. Wengi wetu habari za vitabu vya manispaa yetu tulizipata kwenye taarifa ya habari, kutoka Ikulu, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapa. Sisemi kwamba ajenda ukutani ingezuia hati chafu, sina ushahidi huo. Ninachosema ni kwamba tulikuwa wa mwisho kujua.

Nitaambiwa mbao za matangazo zipo. Zipo. Ofisi moja ya mtaa ambayo sitaitaja ina ubao mzuri wenye kioo na kufuli. Ndani yake limo tangazo la mnada uliokwisha zamani, limepauka hadi mhuri umegeuka waridi, na pembeni yake taarifa ya mapato na matumizi yenye kurasa kadhaa zilizobanwa kwa stepla. Kupitia kioo unasoma jalada tu. Ukurasa wa pili uko nyuma ya wa kwanza, na mwenye ufunguo kaenda semina. Kwa hiyo naomba ukurasa mmoja, herufi kubwa, hoja kwa hoja, kila hoja na kata inayoihusu.

Nitaambiwa pia kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, niandike barua niombe. Sheria hiyo inampa mwenye ofisi hadi siku 30 kujibu. Nikiomba ajenda leo nikajibiwa siku ya 30, nitakuwa napewa historia. Mambo ya nidhamu za watumishi na mengine ya siri yabaki ndani, hakuna anayeyataka.

Gharama? Ajenda ukurasa mmoja, maazimio ukurasa mmoja, kata 19, vikao vinne vya kawaida kwa mwaka: karatasi 152. Rimu moja ina karatasi 500. Rimu moja itatufikisha miaka mitatu na chenji ibaki. Na usiogope kwamba watu hawasomi. Akisoma mmoja, kufika jioni iko kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na Ijumaa itakuwa inajadiliwa barazani baada ya swala. Mtendaji wa kata anaweza pia kuisoma kwenye mikutano ya mitaa, dakika tano hazitampunguzia kitu.

Ningependa utaratibu huu uanze na kikao cha bajeti, maana hapo ndipo ushuru wa mwaka mzima unapopangwa. Tupewe wiki mbili badala ya moja kwa kikao hicho, na makisio ya kila kata yaandikwe peke yake: kata hii inatarajiwa kuchangia kiasi gani, na itajengewa nini.

Jibu lako, liwe ndiyo au hapana, nitashukuru likitolewa kikaoni na kuandikwa kwenye muhtasari. Likiwa hapana, tafadhali liambatane na sababu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkazi na mlipa ushuru,
Mwanga, Kigoma.

Nakala:
Mkurugenzi wa Manispaa, ambaye ndiye katibu wa baraza
Waheshimiwa madiwani wa kata zote 19 na wa viti maalumu
Watendaji wa kata, wanaoshika funguo za mbao za matangazo