Kilo 6 kwa siku 4 si nidhamu

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita kwenye kurasa zako za michezo ulitoa habari ya bondia chipukizi aliyeshusha kilo 6 kwa siku 4 ili apate uzito wa pambano. Mwandishi aliita jambo hilo nidhamu. Niliisoma nikiwa kwenye basi la kwenda kazini, nikairudia, na tangu siku hiyo sijatulia. Mwanangu anacheza mieleka, na nimeona kwa macho yangu kilo za namna hiyo zinavyotolewa mwilini.

Tunaishi Waterloo, jimbo la Iowa, Marekani. Mtu aliyekulia Ujiji kama mimi hushangaa watu wa huku wanavyopenda mieleka. Siku ya mashindano ukumbi wa shule unajaa mpaka mabibi wenye mikongojo. Hapa ndipo alipozaliwa Dan Gable, aliyechukua dhahabu ya Olimpiki kule Munich mwaka 1972 bila kufungwa pointi hata moja, na kila mtoto anayefunga kamba za viatu vya mieleka husimuliwa habari zake. Mwanangu alipoingia kwenye timu nilifurahi. Ni mchezo unaomfunza kijana kuamka mapema na kuheshimu mwenzake.

Oktoba iliyopita nilirudi kutoka zamu ya usiku saa 11 alfajiri nikakuta mvuke unatoka chini ya mlango wa bafu. Niligonga. Alipofungua, alikuwa amevaa mifuko 2 myeusi ya taka aliyoitoboa matundu ya kichwa na mikono, juu yake sweta, maji ya moto yanamwagika bure, naye anarukaruka palepale kwenye vigae. Midomo imepasuka. Kwenye ukingo wa sinki kulikuwa na chupa ya soda iliyojaa mate hadi nusu. Alikuwa anatema tangu jana yake mchana, kila tone analihesabu kuwa ni uzito uliopungua.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee. Kila zamu naandika nani kanywa vikombe vingapi vya maji na nani kakojoa mara ngapi, maana mzee akikaukiwa hukawii kumkuta amechanganyikiwa, hakujui wala hajui yuko wapi. Usiku ule niliandika vikombe vya wazee 11. Wa kwangu alikuwa nyumbani anatema mate kwenye chupa.

Kisa chenyewe ni nafasi: timu huwakilishwa na mchezaji mmoja tu kwa kila uzito. Hapa wanapima kwa ratili, na nafasi ya ratili 144, yaani kilo 65 na kidogo, ilikuwa imeshikwa na kijana wa mwaka wa mwisho. Basi akataka kushuka mpaka 138, na mwenzake mmoja mkubwa akamwonyesha njia ya mifuko.

Asubuhi ileile alikwenda kupimwa. Kilichomwokoa ni mkojo. Kabla ya msimu, mchezaji hupimwa mkojo kwanza, kuona ni mzito kiasi gani ukilinganishwa na maji matupu ambayo ni 1, na kipimo kikizidi 1.025 mwili umehesabiwa kuwa umekauka, hivyo hapandi mizani siku hiyo. Alirudishwa. Alipokwenda tena, akiwa amekunywa maji kama binadamu, alikuwa na ratili 148, na mafuta mwilini asilimia 11. Sheria inasema mvulana asishuke chini ya asilimia 7 ya mafuta, msichana 12, na kwa wiki mtu asipoteze zaidi ya asilimia 1.5 ya uzito wake. Wakapiga hesabu: mwisho wa kushuka kwake ni ratili 141.6. Kwa hiyo 144 inaruhusiwa, 138 haiwezekani. Yeye alilia. Mimi nilishusha pumzi.

Tahadhari hizi hazikuja bure, Mhariri. Mwishoni mwa mwaka 1997 wanamieleka 3 wa vyuo vikuu, mmoja North Carolina, mmoja Wisconsin na mmoja Michigan, walikufa ndani ya wiki 5, wote wakifanya mazoezi kwenye joto wakiwa ndani ya suti zisizopitisha jasho. Baada ya hapo vyuo vikapiga marufuku suti hizo na vyumba vya mvuke kwa ajili ya kushusha uzito.

Na hata waliobobea yanawakuta. Agosti 2024 kwenye Olimpiki ya Paris, Vinesh Phogat wa India alimshinda Yui Susaki wa Japani, ambaye hakuwa amewahi kupoteza pambano la kimataifa, akaingia fainali ya kilo 50. Usiku kucha alifanya mazoezi bila kupumzika, mpaka nywele wakamkata. Asubuhi mizani ikasoma gramu 100 zaidi. Akaondolewa, hata medali ya fedha hakupewa, na ilibidi atibiwe kwa kukaukiwa maji.

Nyumbani kwangu sikumnyima mtoto chakula. Soda niliiondoa kabisa. Chapati na maandazi yakahamia Jumapili. Wali nikaupima kwa kikombe kimoja, lakini maharage, sombe (kisamvu) na dagaa nikaongeza, ingawa dagaa wa Kigoma huku wanauzwa kama dhahabu. Maji anakunywa mpaka jioni. Mizani anapanda mara moja tu, asubuhi akishatoka msalani, na namba naibandika kwenye friji: wiki ya kwanza 146, ya pili 144.6, ya tatu 143.4. Hakuwahi kulala na njaa. Nafasi ya timu ya kwanza hakuipata, alicheza ya pili msimu mzima, akashinda mapambano 14 na kupoteza 9. Mizani huku ni saa chache tu kabla ya pambano, na akishashuka hapo alikuwa anamenya ndizi yake taratibu wakati wengine wanagombea chupa za maji.

Najua bondia wa kulipwa hupimwa leo akapigana kesho, kwa hiyo wanasema maji atayarudisha. Lakini lita moja ya maji ni kilo moja, na mafuta hayayeyuki kwa siku 4. Sehemu kubwa ya hizo kilo 6 ni maji aliyokamuliwa kijana wa watu, kisha akapandishwa ulingoni kupigwa kichwani.

Ombi langu ni dogo. Mnaporipoti upimaji uzito, andikeni bondia alikuwa na kilo ngapi wiki 6 kabla, na kocha aeleze zilizopungua zimepunguaje. Yule kijana kwenye picha yenu midomo yake imepasuka kama ya mwanangu alfajiri ile. Mwandishi wenu amtafute, amuulize kabla ya kupanda mizani maji aliyanywa lini mara ya mwisho.

Mama wa mwanamieleka,
Waterloo, Iowa, Marekani