Kuhusu lile swali lako la Walatino

Houston, Texas

Tumsifu Yesu Kristo, Mama Joshua!

Habari za Mwanza, habari za siku nyingi? Huku tu wazima, watoto wanakua, baba yao bado yuko zamu za usiku. Nimekaa kimya mno, lakini ile sauti uliyonitumia WhatsApp imeninyima raha. Ulicheka, ukauliza hawa Walatino, watu wa huku Marekani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wana akili gani, kumpigia kura Trump aliyesema wazi atawafukuza? Nilishindwa kukujibu kwa simu. Hawa watu nasali nao.

Kwanza, anayepiga kura na anayefukuzwa si mtu yule yule, ingawa mara nyingi wanalala nyumba moja. Kanisani nilizoea kukaa benchi moja na mama wa Honduras, alikuwa anatuuzia tamale baada ya Misa: unga wa mahindi na nyama, umefungwa kwenye jani la mgomba, ukifungua ile harufu unajiona uko kwa bibi yako Bukoba. Hana makaratasi ya kuishi hapa, hajapiga kura hapa hata mara moja. Mwanawe kazaliwa hapa hapa, na 2024 kura yake ya kwanza alimpa Trump. Nilipomuuliza alitaja bei za vitu, akataja utoaji mimba, akasema yeye ni Mkatoliki. Walatino zaidi ya 4 katika kila 10 walipiga kama yeye.

Wewe unasema walidanganywa. Sasa shoga yangu, na nani hasa? Tangu 1960, Jacqueline Kennedy alipotokea kwenye televisheni akimwombea mumewe kura kwa Kihispania, kila msimu wa uchaguzi wanafuatwa. Bush mdogo alikuja na Kihispania chake cha Texas, akaongea nao habari za familia na Mungu, wakampenda kweli. Na alitaka wapewe makaratasi, nampa haki yake. Sheria ikafia Seneti 2007, na wengi walioiua ni wa chama chake. Obama naye aliahidi 2008. Sheria haikuja. Ahueni ya kutofukuzwa, kwa walioletwa wakiwa watoto, ilikuja 2012, mwaka wa uchaguzi, huku wengine wakirudishwa makwao kwa mamia ya maelfu. 2013 Seneti ikapitisha muswada wa kuwapa makaratasi kwa kura 68 dhidi ya 32, na Bunge la Wawakilishi halikuupigia hata kura! Ungekuwa wewe, ungemwamini nani tena?

Trump yeye hakuhangaika kujifunza Kihispania. Januari 2020 alikwenda Miami, kanisa la walokole liitwalo El Rey Jesús, wachungaji wakamwombea mbele ya watu. Wewe unawajua walokole, jambo kama hilo halisahauliki. Halafu 2025, alipoapishwa tu, kurasa za Kihispania za tovuti ya Ikulu zikaondolewa, na wiki hiyo hiyo ikafutwa kanuni iliyokuwa ikiwazuia maofisa wa uhamiaji kukamata watu makanisani. Hapo ndipo moyo wangu unapokataa. Chama kije kuomba kura kwa jina la Mungu, kisha mtu aogope kwenda kusali? Kule California, Julai 2025, Askofu Alberto Rojas wa San Bernardino aliwaruhusu wanaoogopa kukamatwa wasihudhurie Misa ya Jumapili. Mama Joshua, askofu kabisa!

Yule mama siku hizi haji. Anakuja kijana peke yake na lile boksi la tamale, anauza, anaondoka. Sijamuuliza kitu. Wengine wanamnyooshea kidole, mimi nimekataa, maana hata mama yake hajamlaumu. Ndiyo maana sikutaka ucheke.

Nina ombi: Jumatano mkikutana kwenye jumuiya, muombeeni huyo mama. Msitaje jina, Mungu anamjua.

Na wewe je, mguu wa mama unaendeleaje? Rehema alipata ule uhamisho wa Geita, au bado wanamzungusha? Yule fundi amemaliza paa langu, ama ananipiga picha za nyumba ya jirani? Na unafikiri nimwambie nini kijana yule, au ninyamaze tu? Nijibu kwa kuandika, si kwa sauti.

Wako,
Mama Doreen