Mwanangu, usifungue sanduku kwa mikono mitupu

Mwanangu,

Soma barua kwanza, sanduku baadaye. Ndani mna ile kaktasi pipa ya dirishani kwangu. Nimeiviringishia magazeti ya wiki nzima na bado miiba imepenya. Kunja gazeti moja liwe kama mkanda, lizungushe kiunoni mwake, shika ncha mbili, ndipo uinue. Mwiba ukikuingia, uvute kwa kibano ulivyoingia, usiukamue. Wazungu huiita kiti cha mama mkwe. Sijui nani angethubutu kutamka jina hilo hapa Buruburu nyanya yako akiwa sebuleni.

Uliniambia maua yako yote yamekauka, kwamba kwenye ploti yenu maji huja yakipenda na wewe kazini unatoka usiku. Basi hii haitakusumbua kwa kiu. Hatari ni ukiihurumia.

Ya kwanza niliiua mimi. Aliyeniuzia kando ya barabara alisema nimwagie kikombe kila asubuhi, nami nikatii, tena nikaongeza na maji ya kuoshea mchele. Nilikuwa nimeiweka jikoni karibu na sinki. Ikafika Julai, ile baridi ya sweta mbili, na juu ilikuwa bado kijani kabisa. Siku moja nikaigusa kwa mwiko ikalala upande. Chini ilikuwa ya hudhurungi, laini kama embe lililopitiliza, na mizizi haikuwepo tena. Kwao ni Meksiko, upande wa Querétaro na Hidalgo, na miaka ya 1990 lilipojengwa bwawa la Zimapán maji yalifunika nyingi za porini. Huko zimezamishwa na bwawa, huku nikazizamisha mimi kwa kikombe.

Maji yake huyaweka mwilini. Tazama zile mbavu: ikikaa kavu hujikunja na kukaribiana, ikinywa hutanuka kama kodiani. Mizizi ikilala kwenye udongo wenye maji, hasa wakati wa baridi, hukosa hewa na kuoza. Kwa hiyo usihesabu siku. Chukua kijiti cha mishikaki, kichomeke hadi chini ya chungu, ungoje kidogo, ukitoe. Kikitoka na udongo umegandamana, ondoka. Kikitoka kikavu, mwagilia pembeni, si utosini penye ile sufi, mpaka maji yatoke tunduni, kisha umwage yanayobaki kwenye sahani. Januari na Februari mimi huipa kila baada ya wiki mbili hivi. Juni hadi Agosti mara moja kwa mwezi, na mwaka jana Julai sikuipa hata tone.

Jua ndilo litakalokupa kazi, maana umesema dirisha lako linatazama ukuta wa jirani. Hapa Nairobi tuko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo jua huhama: mwezi wa sita hupita upande wa kaskazini, wa kumi na mbili upande wa kusini. Dirisha linalopata mwanga leo huenda likawa kivuli tupu baada ya miezi sita. Angalia saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, uone miale inaangukia wapi, uipeleke huko. Kama ni roshani, usiitoe ghafla. Ngozi iliyozoea kivuli huungua, ikatoka baka jeupe ambalo halitapona. Iongezee jua kidogo kidogo kwa wiki mbili, na kila wiki ugeuze chungu robo mzunguko, la sivyo itaegemea upande wenye mwanga.

Udongo nimeshaubadilisha, mchanga mzito wa mtoni na kokoto ndogo kwa wingi, udongo mwekundu kiasi. Usiongeze ule mweusi unaonata kwenye viatu mvua ikinyesha. Na tafadhali usiihamishie kwenye chungu cha mapambo kisicho na tundu, hata kama kinalingana na pazia. Ukiona vidudu vyeupe kama pamba kati ya mbavu, chovya kijiti cha pamba kwenye spiriti uwapake.

Usiogope utomvu. Najua bado unakumbuka yale maziwa ya mnyaa yaliyokuingia jichoni kwa bibi, ukalia usiku kucha. Mnyaa si kaktasi, wala ile miti mirefu yenye matawi kama kinara unayoiona ukishuka Bonde la Ufa. Hiyo ndiyo yenye maziwa. Hii ukiikwaruza hutoa maji tu.

Maua usiyangoje. Huja ikishakuwa kubwa na nzee, na ndani ya nyumba ni nadra hata hapo. Nilipoinunua ilikuwa kama chungwa, haina mbavu, vinundu vitupu, na mbavu zilijipanga polepole mbele ya macho yangu nikiosha vyombo. Sasa imefika ukubwa wa sufuria ya ugali wa watu wanne, na imechukua miaka tisa.

Jumapili nitumie picha ya dirisha, si ya kaktasi, nione jua linavyoingia. Na hilo sanduku lirudishe, mama, ni la fundi viatu wa hapa chini, ameshaniuliza mara mbili.

Mama yako